Ndakala Moja, Wakubwa Wawili

Jumatatu, 6 Machi 1995

Sijala tangu asubuhi. Wimbo wetu wa rapu, "Ndakala Moja", yaani dagaa mmoja, uko tayari vichwani, lakini hatuna mashine wala umeme. Wiki ijayo meli inaenda Kigoma, kwa rafiki anayetoa nakala za kaseti. Tukiikosa, Vijana Lukuga tumekwisha. Kundi ni Odile, Banza na mimi Lambert, mtu wa mipango. Kurapu sijui. Lakini nani atapanga?

Nimepanga. Papa Grégoire, mzee mkubwa wa mtaa, ana jenereta. Nimemwahidi jina lake litafungua wimbo. Akaomba kuonja hiyo rapu, nikamwonjesha. Akasema, "Hii haiko kuimba, hii njo kugombana." Hata hivyo amekubali. Huku kwetu wimbo usiotaja mkubwa ni kama harusi isiyo na pombe.

Jumanne, 7 Machi

Redio ya kurekodia ni ya Mama Adolphine, muuza vitenge. Naye anataka jina lake litangulie. Nikasema ndiyo kabla sijafikiri. Yeye na Papa Grégoire hawasalimiani tangu wagombanie uzio wa nyumba zao!

Halafu akili ikaja. Kaseti ina pande mbili. Upande mmoja atangulie Papa, wa pili Mama. Kila mmoja atasikia wake na kufurahi. Nani mwingine Kalemie angewaza hivyo?

Alhamisi, 9 Machi

Tumerekodi kwa Mama Adolphine, godoro limeziba dirisha; jenereta nilimwazima Papa bila kumwambia inaenda kwa nani. Papa alikuwa ameongeza majina ya mke, watoto na marehemu mjomba wa Kiambi. Mama kusikia, naye akaleta ukoo wake. Banza alitaja majina mpaka sauti ikakauka. Petroli ikaisha kabla ya ubeti wa Odile.

Wimbo wote katunga Odile. Alikunja nyaya zote. Kisha akasema kaseti ikienda Kigoma bila ubeti wake, anarudi Mpala kwa shangazi yake, kuimba kanisani. Bila Odile, kundi ni Banza na mipango yangu. Nimemjibu tutaona. Sijui tutaona nini.

Jumamosi, 11 Machi

Uzinduzi wa kaseti, kiwanja cha parokia. Jenereta na redio vilitangulia. Papa nilimwambia saa nane, Mama saa kumi, wasikutane. Nilisahau jambo ambalo hata mbuzi wa hapa wanalijua: mkubwa anayetajwa haji wa kwanza. Papa alingoja nyumbani kwake mpaka Mama apite. Mama alingoja nyumbani kwake mpaka Papa apite. Watu walipoanza kupiga miluzi, wote wawili wakatokea pamoja.

Ikabidi nianze. Upande wa kwanza, Papa Grégoire akatabasamu. Mama Adolphine akasimama. Nikakimbia kugeuza kaseti. Upande wa pili, Papa akazima jenereta. Mama akabeba redio mkononi kama kuku wa sokoni, kaseti yetu ikiwa ndani. Nilitamani kujificha chini ya benchi.

Ndipo Odile akasimama bila kuniangalia. Banza akapiga bidoni tupu, dumu la petroli. Odile akautoa ubeti wake wote:

"Ndakala moja, watoto saba,
mama anakula harufu, anasema ameshiba."

Mama mmoja muuza samaki kutoka Zongwe akajifuta macho, akasema, "Rudilia, mutoto yangu." Akarudia. Nililia nyuma ya jenereta. Niliona aibu kweli.

Jumapili, 12 Machi

Nimetubu. Odile amekubali kubaki kwa sharti moja: turekodi upya, ubeti wake uwe wa kwanza, na jina la mkubwa lisitajwe hata moja. Nimeapa mbele ya Banza.

Mchana nikashuka bandarini. Papa Casimir, nahodha wa meli ya Kigoma, ana redio na umeme palepale ndani. Atatuchukua kesho, turekodi njiani. Mtu mwema sana. Ameomba tu jina lake lifungue wimbo. Nimeapa kwake pia.

Jasho lilinitoka njia nzima ya kurudi. Nilipofika nyumbani nikakumbuka, moyo ukatulia. Kaseti ina pande mbili.