Malkia Akae Wapi?

Jumatatu, 3 Machi
Nimefungwa tena na Kavugho, fundi wa nguo wa barazani pale Nakivubo. Mjane wa Butembo, macho mapole, kwenye sataranji hana huruma. Hupenda kete nyeusi na daima hujikinga kwa ufunguzi uitwao Kisisilia. Nimeapa: siku nitakayomshinda ndiyo nitakayomposa. Mwanamume haposi huku amefungwa.

Leo alicheza Joka, tawi moja la Kisisilia. Malkia wangu akakaa mraba wa d2, mahali pake kabisa, nyuma ya askofu. Nikasahau kulinda g4. Farasi wake akaruka pale, kisha akamla askofu.

Sheria ya baraza: aliyefungwa hubeba cherehani. Konstebo mzima, kichwa cha cherehani begani, kupanda mpaka kwake Nsambya! Njia nzima akanisimulia jinsi marehemu baba yake alivyomfundisha kete. Sikufurahia. Kidogo tu, labda.

Jumanne, 4 Machi
Joka tena. D2 iliniponza jana, basi d2 ni mkosi. Nikamweka malkia e2. Jean-Pierre, kinyozi wa jirani, mjuaji wa kila kitu, akacheka mpaka akaacha kichwa cha mteja nusu. Akasema e2 ni ya matawi mengine. Kwa Joka malkia hukaa d2 ili yeye na askofu waelekee h6 pamoja. Wivu huo. Nimeona anavyomtazama Kavugho.

Nikafungwa. Cherehani. Mvua ikatukuta mlimani, tukajifunika kitenge chake kimoja. Akauliza mbona niko kimya. Nilikuwa nawaza f3.

Alhamisi, 6 Machi
Kavugho kaacha Joka, kasogeza askari a6. Tawi hilo malkia hupenda f3, hata Jean-Pierre alikubali. Ila alisema nisogeze kwanza askari wa f. Mimi sipangiwi na kinyozi. Malkia akamzibia askari wake mwenyewe njia, farasi wa Kavugho akatua e5, akamfukuza mpaka nikamwonea huruma.

Nyumbani kwake akanipakulia sombe, kisamvu cha kwao. Akasema mikono yangu ni ya kutegemewa. Ya kubebea, bila shaka.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeshinda! Malkia d4, katikati ya uwanja, mapema kabisa. Wote husema farasi wa c6 atamfukuza. Alitoka kweli, nami nikambana kwa askofu wa b5. Mfalme yuko nyuma yake, hawezi kuondoka. Kavugho akamlaza mfalme, akakubali kushindwa. Jean-Pierre akarudi kwa mteja wake. Raha iliyoje.

Jioni Kavugho akasimama kando ya cherehani, akinitazama. Nikamkumbusha kwa heshima kwamba aliyefungwa ndiye abebaye. Mimi polisi, sheria ni sheria. Jean-Pierre akambebea.

Nimerudi peke yangu. Njia ilikuwa ndefu, nami nilimkumbuka kila hatua. Sijui kwa nini ushindi unauma. Tena kuposa nilisahau.

Jumamosi, 8 Machi
Leo Kavugho hakuutandika ubao. Nikaogopa, nikamweleza yote: kiapo, d2, e2, f3, d4. Alisikiliza huku akitunga uzi kwenye sindano. Kisha akasema taratibu, “Afande, haiko malkia niko nangoja. Niko nangoja wewe uniulize.”

Nikamwuliza. Nilisimama wima kama kuruta. Akasema ndiyo, akanikabidhi cherehani. Nampenda mwanamke huyu. Mlima wote sikuhisi uzito.

Kesho ananipeleka Bugolobi kwa kaka yake mkubwa, nikajieleze. Ameniagiza: shati safi, sukari ya shemeji, na sataranji nisiitaje kabisa, maana kaka yake akifungwa hununa wiki nzima, na bila yeye hakuna ndoa. Nimekubali kwa moyo wote.

Ubao mdogo wa sumaku umeenea vizuri ndani ya koti. Mwanamume haingii kwenye ukoo ambao hajaushinda wote. Kaka naye, nasikia, hucheza Joka. Malkia nitamweka e2; Jumanne kilichoniponza ni kicheko cha kinyozi tu.