Gauni la Kijani ni Lako Peke Yako

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya kumi na tisa tangu niwe mpiga picha. Kamera ni nzito, nyeusi, ina vitufe kumi na saba na nimeshavijua sita. Nilibadilishana na baiskeli. Tangu baiskeli iondoke mke wangu ananijibu kwa mabega. Sawa. Wasanii wote wameonewa majumbani mwao.

Leo nilipita kwenye chumba cha dada yangu cha ushonaji. Nikamkuta ananong'ona na mpwa wangu, binti yake. Nikajua kuna jambo. Mwenye duka kubwa la nguo atapita Jumamosi saa sita mchana, anataka kuona picha za magauni matano ya dada. Yasiwe yametundikwa. Yawe yamevaliwa na watu, kwa sababu kwenye hanga, eti, hata gunia linapendeza. Akiyapenda, dada anashonea duka msimu mzima. Asipoyapenda, anarudi kwenye zipu. Miaka kumi na moja dada yangu anabadilisha zipu za suruali za watu. Zipu na viraka vya magoti.

Dada akasema atamwita Pasipoti. Huyo ni yule wa studio ng'ambo ya barabara, anapiga picha za vitambulisho, na kila anayempiga anatoka kama amekamatwa. Damu ikanichemka! Nikajisikia nikisema kwamba kamera ninayo na wanamitindo ninao. Wanne! Wananisubiri mimi tu niwaite.

Sina hata mmoja.

Mpwa wangu alicheka mpaka kikopo cha pini kikamwagika. Akaniuliza, "Mjomba, hao modo wako wana vichwa?" Ananikumbusha picha za mahafali yake. Nimeshaeleza mara mia: kila mtu anakijua kichwa chake, kumbukumbu ni joho. Dada hakucheka. Alinitazama juu ya miwani akasema, "Kaka, kwa hili nakuomba. Usinifanyie mchezo." Nikamwambia mtu aliyempiga picha simba akipiga miayo, hatua ishirini tu kati yao, hawezi kushindwa na magauni.

Jumanne, 5 Machi

Hawapatikani! Nilidhani ukining'iniza kamera shingoni watajipanga wenyewe.

Nilianza na mpwa. Alikataa kabla sijafungua mdomo. Nikaenda kusimama nje ya duka la vitabu. Nikamwambia binti mmoja kwamba ana uso. Akanijibu kwamba hata mimi ninao, niende nao nyumbani. Wa pili alikubali, tukaelewana vizuri, ghafla akatokea mumewe akitaka jina langu kamili. Nikampa la shemeji. Wa tatu alisema nimwonyeshe kazi zangu. Nikamwonyesha picha za mahafali. Akaniuliza kama nauza majoho.

Saa tisa, miguu inawaka moto, nikafika kwa muuza mayai wa kona. Mama mwenye mwili wake, na kicheko kinachotikisa trei. Akauliza ni gauni gani atakalovaa. Nikasema la kwanza lililonijia: la kijani. Akaweka trei chini! Kumbe ameshaliona dirishani kwa dada. Lina vifungo kuanzia shingoni mpaka karibu na pindo, na kila kifungo dada alikifunika kwa kitambaa kilekile, kimoja kimoja. Muuza mayai akauliza, taratibu, kama litakuwa lake peke yake. Nikasema lako peke yako, na utakaa mbele kuliko wote. Ila usimwambie mtu, kuna vijicho. Akasema, "Kaka mpiga picha, nitakuja hata nikiwa naumwa."

Ufunguo nimeupata! Nikaenda moja kwa moja kwa mwalimu wa chekechea, yule mrefu anayeinama milangoni. Gauni la kijani. Lako peke yako. Usimwambie mtu. Akakubali kabla sijafika kwenye habari ya simba. Nikamwelezea hata hivyo. Hatua kumi na mbili.

Wawili kwa mkupuo! Nikimaliza hawa nitawapanga vizuri. Magauni ni matano, mtu akifika atavaa atakachopewa.

Jumatano, 6 Machi

Bibi mstaafu wa posta si mtu wa kuchezea. Miaka sitini na nane, mgongo umenyooka kama rula. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na karatasi na kalamu. Akataka iandikwe. Nikaandika: Gauni la kijani ni lako peke yako, picha ya mbele, Ijumaa. Akasema bado, nitie tarehe. Nikatia. Akasema bado, nitie sahihi. Kisha akataka nakala ya pili, moja ya kwake na moja ya kwangu. Yangu nimeificha ndani ya kiatu.

Nyumbani mambo yamegeuka. Mke wangu alienda kununua mayai, akamkuta muuza mayai anajitazama kwenye kioo cha mkononi na kujichekea. Hakuambiwa kitu. Lakini mke wangu ana pua. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akauliza kuna mwanamke gani. Nikasema hakuna mwanamke, kuna gauni. Akauliza gauni la nani.  Nikasema la kwako, mama watoto, nilitaka iwe siri, la kijani, lako peke yako!

Akaongea nami vizuri. Mara ya kwanza tangu baiskeli. Akaniwekea hata maji ya kuoga.

Basi wanne wametimia, kama nilivyomwambia dada. Mimi nikisema kitu, nimesema.

Njiani Pasipoti alinisimamisha. Akaniuliza kwa upole kama nina betri ya akiba. Nikamwambia betri ya akiba ni mimi mwenyewe. Akatikisa kichwa akarudi ndani. Wivu tu.

Alhamisi, 7 Machi

Leo nilikaribia kufa.

Nilikuwa napita kwenye kona ya mayai nikamwona mwalimu wa chekechea ameinama mbele ya trei. Kumbe kila Alhamisi hununulia watoto wa shule mayai! Wawili hao wanajuana! Nikajibanza nyuma ya makasha matupu.  Muuza mayai akasema kesho hafungui kibanda, ana jambo. Mwalimu akasema hata yeye kesho ameomba ruhusa, ana jambo. Wakatazamana. Muuza mayai akasema la kwake ni jambo la rangi. Mwalimu akacheka, akasema la kwake pia lina rangi, lakini ameambiwa asiseme. Muuza mayai akasema, "Hee! Hata mimi nimeambiwa nisiseme!"

Moyo ulikuwa unapiga kama cherehani. Neno moja tu lilikuwa limebaki! Nikaruka kutoka nyuma ya makasha nikipiga kelele kwamba simba! Trei mbili zikaenda chini. Nikalazimika kueleza habari ya simba nikiwa nimesimama kwenye ute wa mayai. Hatua saba. Mwalimu aliondoka akinitazama kama mtoto asiyeelewa hesabu. Lakini neno halikusemwa!

Nimepanga mpango wa mtu mwenye akili. Muuza mayai saa mbili asubuhi. Mwalimu saa nne. Bibi wa posta saa sita. Mke wangu saa nane. Kila mmoja atavaa la kijani, ataondoka na furaha yake, na wa nyuma hamkuti wa mbele. Katikati nitawageuzia magauni mengine. Wakishavaa moja, la pili ni kuomba tu.

Dada alinionyesha magauni yote matano, yamepigwa pasi.  Akaniuliza kama wanamitindo wangu wana umbo moja, ajue kama atahitaji kupunguza mahali. Nikasema wanafanana kama mayai. Sijui kwa nini nilisema mayai.

Ijumaa, 8 Machi

Saa moja na nusu nilikuwa nafuta lenzi. Muuza mayai akaingia, mapema kwa furaha, kajipaka mafuta anang'aa. Sawa. Nyuma yake akaingia mwalimu. Alitaka, eti, kuona likipigwa pasi. Nikaanza kusema kitu. Akaingia bibi wa posta. Mtu wa posta hafiki saa yake, anafika kabla ya saa yake! Nikamwomba Mungu mke wangu achelewe. Akaingia mke wangu, amebeba viatu vya harusi yetu kwenye mfuko.

 Cherehani ya dada ikasimama.

Nikasema hali ya hewa ni nzuri.  Muuza mayai akanyoosha mkono kwenye gauni la kijani, mwalimu naye akanyoosha, na bibi wa posta akavaa miwani, akafungua karatasi, akaisoma yote kwa sauti, na tarehe, na sahihi. Mpwa wangu akapiga makofi: "Mjomba! Gauni moja umeliozesha mara nne!"  Mke wangu aliweka mfuko wa viatu chini polepole. Ningependa zaidi angenitupia.

Dada akasimama. Uzi ulikuwa bado mdomoni. Akauliza, "Kaka. Modo ni nani hapa?"

Nilitazama sakafu. Kuna vigae kumi na vinne.

Muuza mayai akachukua mkoba wake. Mwalimu akamfuata. Nikaona Jumamosi inaondoka kwa miguu. Hapo dada akasimama mlangoni, hakupiga kelele, akawaambia, "Dada zangu, mama yangu, kosa si lenu. Kesho saa sita nisipokuwa na picha, narudi kwenye zipu. Aliyeahidiwa la kijani atavaa la kijani. Nipeni siku ya leo tu." Bibi wa posta akakunja karatasi yake, akakaa. Wengine wakakaa.

Dada akalifumua la kijani mishono ya ubavuni, akalishona kwa mwili wa muuza mayai. Nikapiga. Akafumua, akaliteremsha pindo kwa mwalimu. Nikapiga moja, kamera ikalia kidogo, kama paka, ikazima. Nikabonyeza vitufe vyote sita. Nikabonyeza na vile nisivyovijua. Betri! Nilikuwa nimeitumia jana kuangalia tena picha ya simba.

Mpwa wangu alikuwa ameshavuka barabara. Akarudi na Pasipoti. Nikamruhusu abonyeze. Mimi nilisimama nyuma nikasimamia kazi, nikasema juu kidogo, chini kidogo. Akaniomba nitoke kwenye mwanga. Akampiga mwalimu, bibi, na mke wangu aliyevaa vile viatu na hakunitazama hata mara moja. Walicheka lakini, na ni kwa sababu nilikuwa nawaelezea simba. Hatua nne.

Jua likaisha. Magauni manne mengine yalibaki yametundikwa, hayajaguswa. Dada alibaki amelikumbatia la kijani mapajani, limefumuliwa na kushonwa mara nne kwa siku moja. Nikamwambia itakuwa sawa. Akaniambia niende nyumbani.

Jumamosi, 9 Machi

Saa sita kamili. Mwenye duka ni mama mfupi, haongei. Dada alipanga picha nne mezani, Pasipoti amezisafisha tangu asubuhi. Tatu za kwake. Moja yangu, ya muuza mayai, kuanzia shingoni kwenda chini.

Mama akazitazama moja moja. Akarudia.  Akauliza magauni mengine yako wapi. Dada akasema yapo, hayakupigwa picha. Akauliza kwa nini. Dada akanitazama, na nilijua sasa atasema, na angekuwa na haki. Akasema, "Siku ilikuwa fupi."

Mama akauliza kama haya ni magauni manne. Dada akasema ni moja. Hilo hapo. Mama akalichukua, akaligeuza ndani nje, akapitisha ukucha kwenye mishono. Akakuta matobo ya sindano ya zamani. Akauliza limefumuliwa mara ngapi. Dada akasema mara nne, tangu jana asubuhi, kwa watu hao.  Mama akaligeuza tena, akalinyanyua mabegani. Likashuka limenyooka, kama halijawahi kuguswa.

 Nikatazama cherehani, kalenda, nzi mmoja.

Akasema wateja wake wote wanalalamika kwamba nguo za dukani zimekatiwa mtu mmoja ambaye hajawahi kuingia dukani. Anataka la kijani, kwa miili hiyo minne. Msimu mzima. Akagusa picha yangu akasema hii haina kichwa, lakini pindo linaonekana vizuri.

Pindo linaonekana vizuri! Amesema mwenyewe!

Dada alikaa kwenye kiti cha cherehani akalia kimya kimya, mpwa kamshika bega. Nikamwambia asilie, ndivyo nilivyopanga tangu mwanzo.

Jumapili, 10 Machi

Kikao kwa dada. Anashona gauni jipya, la njano, mwenye duka ataka picha zake Ijumaa ijayo. Picha atapiga Pasipoti, imeshaamuliwa. Nikasimama niondoke. Dada akanizuia. Akasema Pasipoti alijaribu jana kuwaita wanamitindo, hakuna aliyekuja, wanasema akikutazama unajisikia una kesi. "Wewe kaka kazi yako ni kuleta watu. Kamera iache nyumbani. Na usimwahidi mtu kitu. Niapie." Nikaapa. Mkono juu kabisa.

Hilo la kamera limeniuma, lakini mtu mkubwa husamehe.

Nimerudi nyumbani jioni hii na wanamitindo saba. Saba! Nesi, dada wawili wa kwaya, mama wa duka la sabuni, na watatu wa zamani. Mke wangu pia nimemwambia, kwa hiyo nane. Kila mmoja la njano, peke yake, mbele, asimwambie mtu. Safari hii nimejifunza: bibi wa posta nimempa nakala tatu. Pasipoti naye nimemwahidi kwamba chini ya picha litaandikwa jina lake peke yake. Na langu.

Walipokuwa wanasitasita niliwaelezea simba. Hatua mbili. Nikamwambia simba ainue kidevu, akainua.