Kutafuta Uchafu wa Mwanzo

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Nimechoka. Kutwa kazini, jioni chuoni, na sasa kalamu. Macho yanauma kama yameingiwa na sabuni.

Leo mhadhiri wetu wa Sera na Elimu ya Mazingira ametukumbusha kwamba Ijumaa anaanza kukagua miradi yetu, na kwamba ataanzia ofisini kwetu, masjala. Hataki hotuba, kasema. Anataka namba mbili tu. Ya kwanza ni kipimo cha mwanzo, yaani uzito wa taka za ofisi kabla hatujawafundisha watu. Ya pili ni kipimo cha mwisho, baada ya kuwafundisha. Tofauti ya hizo mbili ndiyo maksi zetu.

Nikafungua ripoti yangu kwa madaha. Kipimo cha mwisho kipo, kidogo, kizuri, nimekipigia mistari miwili. Kipimo cha mwanzo...

Hakipo!

Siku ile naikumbuka vizuri. Niliingia masjala nimekumbatia mabango, hamasa imenijaa mpaka kooni, nikaanza kuwafundisha wenzangu kabla sijavua koti. Mizani ilikuwa nyumbani, chini ya kitanda.

Mkuu wa masjala alishanipa onyo mapema. Ruhusa ya kutoka kazini mapema kwenda chuo ni ya muhula huu tu. Nikifeli mradi, hakuna ruhusa nyingine. Nitazeekea kwenye mafaili kama panya mstaarabu.

Nibuni namba? Siwezi. Nikisema uongo masikio yangu hucheza yenyewe. Dada yangu, ninayeishi kwake, hunisoma kama saa ya ukutani.

Basi nimepata wazo. Sitasema uongo hata kidogo. Nitairudisha masjala kwenye uchafu wake wa zamani kwa siku moja tu. Nitapima. Namba itakuwa ya kweli, ila itakuwa imechelewa kidogo. Serikali ngapi huchelewa kutoa takwimu?

Jumanne, tarehe 10 Juni

Nimewahi ofisini kuliko wote. Nimebandua mabango. Nimeficha masanduku mawili, la karatasi za kutumia upande wa pili na la bahasha kuukuu, nyuma ya kabati la mafaili yaliyofungwa. Katikati ya chumba nimeweka lile pipa kubwa la zamani, mdomo wazi, linakaribisha.

Nikakaa mezani kwangu, nikajifanya natafuta faili.

Wa kwanza kuingia ni Mama Mihuri. Huyu ndiye anayegonga mihuri yote ya masjala, na ndiye aliyenitoa jasho kumfundisha. Zamani alikuwa akijaribu wino kwenye karatasi mpya, moja baada ya nyingine, kama anapiga ramli. Leo aliposimama mlangoni na kuona ukuta hauna bango hata moja, alipiga ukelele hata mkuu wa masjala akatoka ofisini kwake na kijiko cha chai mkononi. Mama Mihuri akasema tumeibiwa. Akasema mwizi wa pesa anaeleweka, ana njaa, lakini mwizi wa karatasi zilizoandikwa upande mmoja ana laana.

Nikashauri kwa sauti ndogo kwamba labda tupumzike, tutumie pipa kwa leo. Hakuna aliyenisikia.

Kabla ya saa ya chakula masanduku yalikuwa yamepatikana. Mama Mihuri mwenyewe alichora mabango mapya, makubwa kuliko yangu, lile lenye mti unaolia likiwa mbele ya meza yangu. Mti una sura ya mama yangu. Pipa wameligeuza juu chini, sasa ni kigoda cha kufikia rafu za juu.

Jioni nilipima taka. Hazijawahi kuwa chache hivi! Wizi umewazidishia imani.

Samaki mkunje angali mbichi, tuliambiwa. Nimewakunja. Sasa nataka kuwakunjua, na methali imekaa kimya.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Mgongo unauma. Nililala kwenye kitabu cha sera, nikaamka na ukurasa wa utangulizi shavuni.

Leo nilitumia ushawishi. Nilisimama mbele ya wenzangu nikawaeleza kwamba kitaalamu hata mwanafunzi hodari hupewa likizo, hivyo leo tuipe nidhamu ya mazingira likizo ya siku moja. Kila mtu atupe anachotaka, anakotaka. Nilidhani watashangilia.

Mkuu wa masjala alinitazama juu ya miwani. Akaniuliza, "Kijana, unaumwa?" Akanikumbusha kwamba mwezi uliopita mimi mwenyewe nilisema kutupa karatasi safi ni kuwatemea mate wajukuu. Alisema tangu siku ile kila akishika karatasi anamwona mjukuu wake. Sasa wajukuu nao wapewe likizo?

Kumbe nilifundisha vizuri. Bahati mbaya kabisa.

Saa ya chai nikaja na mpango wa pili. Nilinunua vikombe vya plastiki vya kutupa, nikavipanga karibu na chupa ya chai kama bibi harusi na wapambe wake. Kila mtu akapita na kikombe chake cha udongo. Mama Mihuri akavitazama vile vya plastiki, akanitazama mimi, akasema kwa huruma kwamba mtu akisoma sana ubongo hupata moto, na kwamba binamu yake alianza hivi hivi.

Nikabaki kuvitumia mimi. Chai kikombe hiki, nikatupa. Maji kikombe kile, nikatupa. Niliingia chooni mara nyingi hadi mlinzi akaniuliza hali. Jioni nikaning'iniza mfuko kwenye mizani kwa matumaini.

Mshale haukutikisika. Plastiki haina uzito! Muhula mzima nasoma madhara ya plastiki, hakuna aliyenidokeza.

Nikiwa hapo hapo akashuka Profesa. Huyu si profesa, ni karani wa uhasibu ghorofa ya juu, tunasoma darasa moja, na jina hilo amejipa mwenyewe. Alitaka kujua, kwa upole unaowasha kama upupu, kama kipimo changu cha mwanzo kimekaa sawa. Chake alikichukua wiki nzima, na picha. Je, ningependa kuziona? Nikamwambia changu kipo kabatini. Akayaangalia masikio yangu. Akatabasamu. Akapanda ngazi akipiga mluzi.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Leo vidole vimejaa wino na chai, mwandiko unisamehe.

Nilipiga hesabu hivi: kama wenzangu hawataki kuchafua, nitachafua kwa niaba yao. Nilikaa nao miaka miwili kabla ya mradi. Uchafu wa kila mmoja naujua kama ninavyoijua njia ya nyumbani. Nitaigiza wote.

Walipotoka kwenda kula nikabaki, nikasema tumbo linasumbua. Lilikuwa linasumbua kweli, kwa woga, kwa hiyo masikio yalitulia.

Nikaanza na mkuu wa masjala. Nikachapa fahirisi ya mafaili upande mmoja, nikaikuta ina kosa, nikaikunja, nikatupa, nikachapa tena. Ndivyo alivyokuwa. Nikahamia kwa Mama Mihuri. Nikagonga mihuri kwenye karatasi mpya kujaribu wino, nikatupa. Nikawasha taa zote mchana kweupe, nikawasha na feni, maana zamani zilikuwa hazizimwi. Nikapima. Bado nyepesi. Nikakumbuka kwamba zamani majani ya chai yalitupwa humo humo na karatasi. Nikamimina chai kwenye mfuko wa taka. Mshale ukashuka. Nikamimina tena. Ukashuka vizuri zaidi. Nilijisikia mwanasayansi.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa.

Mkuu wa masjala mbele. Mama Mihuri nyuma yake, na bakuli la uji alionichukulia kwa ajili ya tumbo langu. Nyuma yao Profesa, aliyekuja kuazima gundi, eti. Mimi katikati ya chumba, chupa ya chai mkono wa kulia, mizani mkono wa kushoto, feni inapeperusha fahirisi juu ya vichwa vyetu kama maharusi wanaomwagiwa maua.

Mama Mihuri ndiye aliyesema kwanza. "Mwanangu. Kumbe mwizi ni wewe." Hakufoka. Angefoka ningepona. Akaweka uji mezani taratibu, akaanza kuokota.

Mkuu wa masjala akaenda ukutani, kwenye Sera ya Mazingira ya Masjala. Niliiandika mimi kwa ajili ya somo, yeye akaisaini. Akaisoma kwa sauti hadi kifungu cha adhabu: atakayechafua kwa makusudi atabeba taka za jengo zima hadi jalalani kila jioni kwa mwezi mzima. Akauliza kifungu hiki kikali namna hii alikitunga nani. Nikanyoosha kidole. Akasema suala la ruhusa ya chuo tutalimaliza kesho mbele ya mhadhiri.

Kila jioni! Jioni ndiyo saa ya darasa!

Nyumbani nilimsimulia dada. Alicheka hadi akashika ukuta. Kisha akasema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, akaniambia nile.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Mhadhiri amekuja. Amekwenda. Mimi bado nipo, sijui kwa nini.

Alikaa kwenye kiti cha mkuu wa masjala akaomba namba mbili. Nikampa moja. Akaomba nyingine. Nikafungua mdomo, masikio yakaanza, nikafunga mdomo.

Mama Mihuri akaingilia bila kuombwa. Akaeleza yote, mabango, vikombe, chai, feni, hakuacha hata uji. Nilidhani ananizika. Kumbe alikuwa anapanda mlima ili ateremkie upande wangu. Akamwambia mhadhiri kwamba kama anatafuta hali ya zamani ya ofisi hii asihangaike na karatasi, amtazame huyu kijana. Wao zamani walikuwa kama huyu jana. Kama yeye peke yake kachafua vile, basi na walivyokuwa wengi, apige hesabu mwenyewe. Ampime huyu!

Mhadhiri aligeukia dirisha. Mabega yalikuwa yanatikisika. Alipotugeukia tena alisema amekagua miradi mingi, hajawahi kuona wanafunzi wakimkamata mwalimu wao kwa kosa alilowafundisha kulikataa. Elimu imeingia, hilo halina ubishi. Lakini bila kipimo cha mwanzo hawezi kutoa maksi hata moja.

Tukapanda kwa Profesa. Kipimo chake cha mwanzo ni kitabu kizima. Picha, majedwali, rangi. Mhadhiri akaomba cha mwisho. Kilikuwa sawasawa na cha mwanzo. Akawauliza wahasibu wamefundishwa nini. Wakatazamana. Mmoja akasema walidhani mwenzao ameanza biashara ya kununua taka.

Profesa hakupiga mluzi.

Uamuzi: sisi wawili turudie mradi pamoja, ghalani, chini kabisa ya jengo. Profesa apime kwanza. Mimi nifundishe baadaye. Mhadhiri akaurudia mpangilio huo polepole, kama anamweleza mtoto jinsi ya kuvuka barabara. Kwanza kupima. Kisha kufundisha. Akaniuliza nimeelewa. Nikasema nimeelewa. Masikio yakatulia, kwa hiyo ni kweli nilielewa.

Mkuu wa masjala ameongeza ruhusa hadi mhadhiri atakaporudi. Akasema si kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya Mama Mihuri aliyemsumbua tangu asubuhi. Taka za jengo nitabeba mchana badala ya jioni. Hii ndiyo nafasi ya mwisho, kasema. Baada ya hii, mafaili.

Jumatatu, tarehe 16 Juni

Tulikubaliana na Profesa tukutane ghalani saa nne, yeye na mizani, mimi na mdomo uliofungwa.

Niliwahi kidogo, nione tu mazingira. Mtunza ghala alikuwa anachana maboksi mazima na kuyatupa nje. Mazima! Yenye vifuniko! Nikageukia ukutani. Nikahesabu pumzi. Nikasikia linachanwa jingine.

Nikamwambia neno moja tu. Akauliza kwa nini. Swali zuri, mtu akikuuliza huwezi kumkatalia elimu. Nikamweleza habari ya wajukuu. Machozi yakamlengalenga, akaniambia, "Kaka, mbona hatukuambiwa haya siku zote?" Akawaita wenzake wawili waje wasikie. Profesa aliposhuka na mizani yake, maboksi yalikuwa yamepangwa kwa ukubwa, nje pamefagiliwa, na mtunza ghala alikuwa anamkataza dereva wa gari la mizigo kuzima sigara yake sakafuni.

Profesa akapima. Hakukuwa na cha kupima. Akakaa juu ya boksi, safi kabisa, akashika kichwa. Akaniuliza tutamwambia nini mhadhiri.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nimeshalifikiria. Makosa ya wiki iliyopita yote yalikuwa ya kiufundi. Chai ni nyepesi mno, uji ndio wenye uzito. Mama Mihuri ana bakuli kubwa.

Kesho, wakienda kula. Na safari hii nitafunga mlango kwa ufunguo.