Ombi la Kumwondoa Koplo Kenga Katika Orodha ya Mashujaa

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kuwaenzi Mashujaa,
Kanisani kwetu, Chaani.

Ndugu Nicanor,

Bwana asifiwe. Natumai wewe na Mama Cindy hamjambo. Sisi tu wazima, ila tumechoka kuheshimiwa.

Mimi ni Jumwa, mke wa Koplo mstaafu Kenga, mwanajeshi wa pekee katika kanisa letu, aliyetoka hai vitani Somalia akaangukia mikononi mwa kamati yako. Naomba kwa unyenyekevu jina lake lifutwe katika orodha ya mashujaa. Sababu ni hizi:

1. Kila Jumapili mlikuwa mkimsimamisha ili atambuliwe. Goti lake lina chuma. Wewe ulikuwa ukisimulia robo saa nzima vita ambavyo hukuviona, naye kasimama tu. Jeshini hiyo ilikuwa adhabu.

2. Mmetuzawadia saa saba za ukutani. Nyumba yetu ina vyumba viwili. Nashukuru sana, lakini hakuna mbili zinazosema wakati mmoja. Tena Kenga ni mgonjwa wa kliniki; hahitaji saa, anahitaji mtu wa kumsindikiza. Nilipoliomba hilo kwa maandishi, kamati ilikaa kikao ikaleta saa ya saba.

3. Mlikuja kututembelea, watu kumi na tisa. Mahamri niliwakaangia kwa moyo mweupe. Kisha Dada Rosalia wa kamati yako akamuuliza mume wangu, mbele za watu, ameua wangapi. Kenga akaenda jikoni, akaosha kikombe kimoja mpaka mkaondoka. Ripoti yenu ilisema ziara ilifana.

4. Sasa makofi. Vijana wa kanisa, wakiongozwa na Maxwell, wamebuni makofi ya mizinga: kanisa zima linapiga kwa pamoja, na bati linagongwa mara ishirini na moja. Kufika pigo la tatu, Kenga alikuwa chini ya benchi, mikono kichwani. Wengine mkasema Roho amemshukia, wengine mkasema ni pepo. Kwa kuwa hamkuafikiana, mkamwombea yote mawili, dakika arobaini, mmemshika miguu. Mimi nililia kwa hasira, mkayaandika machozi yangu kuwa ushuhuda.

Tangu siku hiyo ni miezi mitatu, na hajatoka hata kufika barabarani. Hasemi, hataki redio, chakula anakigusa tu. Naogopa kumpoteza akiwa ndani ya nyumba, Nicanor. Nakuambia waziwazi.

Hata Bwana Yesu alimuuliza kipofu anataka atendewe nini, ilhali kila mtu aliona shida yake ni macho. Nyinyi hamkuuliza.

Kwa hiyo naomba mtangaze kwamba Kenga hakuwahi kuwa mwanajeshi, alikuwa karani bandarini Kipevu. Ikiwa makarani watamkataa, basi tangazeni kuwa alitoroka vitani, maana mtoro hapigiwi makofi. Na kwa kuwa kamati haiwezi kukaa bila shujaa, nenda vitani wewe mwenyewe, Mwenyekiti. Ukirudi utapokelewa ipasavyo; saa ninazo. Kuanzia leo nami nitasali naye nyumbani, na asije mtu.

Nisalimie Mama Cindy, Dada Rosalia, wazee wa kanisa na kwaya yote, pamoja na anayegonga bati.

Dada yenu katika Kristo,
Jumwa Kenga

Baada ya kutia sahihi: Kenga amenikuta natafuta bahasha. Ameisoma barua yote, kisha akauliza kwaya itaimba nini Jumapili. Miezi mitatu sijamsikia akiuliza kitu. Nimemkumbusha kuna bati, akasema analijua. Sasa hivi ananyoa ndevu. Basi yaacheni yote niliyoyaandika, na jina lake liacheni lilipo. Tunakuja. Mkiyapiga hayo makofi, msihangaike kumwombea aliye chini ya benchi. Tutakuwa wawili.