Zimefungwa, Mama

Jumatatu, 3 Agosti
Upepo mkali unatabiriwa Ijumaa. Mwaka jana uling'oa paneli zetu za sola juu ya paa. Moja ilikutwa bandani kwa jirani, kuku wamelala juu yake. Sasa zimeletwa mpya. Mkuu wa ofisi, ambaye sote tunamwita Mama, amenikabidhi mimi. Agizo lake: zifungwe barabara, upepo usiziguse, nami nikague kila nati kwa mkono wangu. Akaongeza kwamba hicho ndicho kipimo changu cha mwisho. Nafasi ya kudumu ni moja; makarani wa majaribio tuko wawili, mimi na Kiherehere. Nikajibu ndiyo, Mama. Mdomo huu! Mimi hata kiti cha kubadilishia balbu hunitia kizunguzungu.

Jumanne, 4 Agosti
Fundi kaja na mabano, bolti ndefu na raba za kuzuia maji. Kaeleza kwamba bolti lazima zishike mbao za kenchi, zile zinazobeba bati. Ukishikiza kwenye bati tupu, upepo unapenya chini ya paneli na kuondoka na vyote. Nikaitikia kwa kichwa kama mjuzi. Kisha akaegemeza ngazi, akasema haya, bosi, tangulia. Nikafika kidato cha tatu. Mawingu yakaanza kutembea. Au mimi. Nikashuka, nikamwambia bolti hizi sizo, akabadilishe, arudi Jumamosi. Bolti zilikuwa ndizo. Mungu anisamehe.

Jumatano, 5 Agosti
Wazo! Mama alisema zifungwe. Nimezifunga kwa kamba ya katani, nikazipanga stoo, nikafunga mlango kwa kufuli. Zimefungwa mara mbili! Jioni Mama akanikuta kwenye korido, akauliza kama zimefungwa. Zimefungwa, Mama. Hazitikisiki? Hata kidogo. Nimehakikisha mwenyewe? Kwa mkono wangu. Sikusema uongo hata mmoja. Sarufi haijawahi kumwangusha mtu. Ngazi ndiyo huangusha.

Alhamisi, 6 Agosti
Kiherehere kasimama uani, kiganja juu ya macho, akitazama paa. Akauliza mbona liko uchi. Nikamwambia paneli ziko upande wa nyuma, jua la huko lina nguvu zaidi. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Jua la nyuma! Kweli wewe msomi, ndugu yangu." Husuda tu.

Ijumaa, 7 Agosti
Upepo umekuja alasiri, na wingu zito. Kibao cha ofisi kimeruka. Umeme ukakatika. Mama akaagiza tuwashe sola. Nikabonyeza swichi kwa heshima zote. Giza. Ofisi ya ng'ambo ya barabara, taa zinawaka, paneli zao zimetulia juu ya paa kama zimeota hapo. Mama akasema basi, mishumaa iko stoo, lete ufunguo. Nikashauri tukae tu gizani, macho yatazoea. Akanyoosha mkono.
Kiherehere alishika tochi vizuri kuliko alivyowahi kushika kalamu. Mama akazitazama paneli zilivyofungwa kama kuni za kupeleka sokoni. Kisha akasema taratibu, "Kweli, mwanangu. Zimefungwa."
Nafasi ya kudumu kapewa Kiherehere. Mimi nimeongezewa miezi mitatu ya majaribio. Kesho zitafungwa paneli, nami nitafungwa kamba kiunoni.

Jumamosi, 8 Agosti
Nimekagua nati zote, macho nimefumba. Fundi akaniambia nishike paneli niivute kwa nguvu; ikikataa kutikisika, imeshika. Nikaishika. Haikutikisika. Nami sikuiachia. Fundi akabembeleza, Mama akafoka, Kiherehere akashauri wanifunge bolti hapohapo. Nilishuka baada ya chakula cha mchana. Chao.

Jumatatu, 10 Agosti
Mama kaniita. Nati hulegea, kasema, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi lazima nipande. Yeye ataniuliza swali moja tu: umepanda? Nikikosa hata mara moja, nisirudi kazini.
Nimetoka pale nikiikwepa ngazi kwa macho. Lakini njiani nikapita kwa muuza miche. Nimechukua mlimau, mdogo, wa majani manne. Nyuma ya stoo pana udongo mzuri sana.
Mwezi ukiisha, Mama akiuliza, nitamtazama usoni bila kupepesa. Nimepanda, Mama. Kwa mkono wangu.