Behewa Lililokataliwa

Jumatatu, 3 Machi
Jumamosi klabu yetu ya treni za mfano inaendesha treni ndefu ya mizigo kwenye maktaba ya shule. Nafasi imebaki ya behewa moja tu. Mkutubi ametangaza kwamba ni langu au la Binamu. La Binamu limetoka dukani, linang'aa kama kiatu cha sikukuu. Langu ni tangi la mafuta, refu kama kiganja, nililolinunua tupu na kuliunda upya. Ngazi ni za waya. Vali ni vichwa vya pini. Mimi si msemaji. Behewa litanisemea.

Jumanne, 4 Machi
Kutu! Nimechanganya rangi ya kahawia, unga wa tofali na poda ya Dada. Jioni Dada akauliza nani kamaliza poda yake. Nikainamia kitabu. Akaniambia nigeuze uso, nikageuza. "Mwizi mwenyewe kapata kutu hadi puani," akasema. Nimehukumiwa kuosha vyombo wiki nzima. Lakini Mama alipoliona behewa mezani aliliondoa haraka, lisichafue kitambaa. Sifa gani nyingine naitaka?

Alhamisi, 6 Machi
Maandishi. Nimeyanakili kutoka picha ya zamani ya behewa la kweli, kwa lenzi na brashi ya unywele mmoja. (Wangu. Kwa Dada sisogei tena.) Namba, uzito, ujazo, tarehe ya kuisha kwa ukaguzi, vyote vimo, kila herufi ndogo kuliko chawa. Binamu akauliza nani atasoma vitu hivyo. Nikamjibu kwamba wanaojua watasoma. Sauti ilitetemeka, lakini nilisema.

Jumamosi, 8 Machi
Mwamuzi alikuwa mzee mmoja mstaafu, aliyekagua mabehewa ya kweli miaka arobaini. La Binamu alilizungusha magurudumu, akalirudisha mezani. Langu alilivalia miwani. Akasoma mstari kwa mstari. Akamwita Mkutubi aje aone. Watu wakajaa. Masikio yangu yakawaka moto.

"Umeandika mwenyewe, mjukuu wangu?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akasema tangu astaafu hajaona kazi kama hii. Kisha akaniuliza leo tarehe ngapi. Nikamtajia.

"Basi muda wa ukaguzi wa behewa hili ulikwisha miaka thelathini na miwili iliyopita. Tena ni la mafuta. Siwezi kuliachia lipite karibu na watu."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Mkutubi akaniletea brashi na rangi, akanisihi nibadilishe mwaka tu, ni kazi ya dakika tano, treni itangoja. Nikakataa. Nikaeleza, kwa sauti ambayo nadhani niliisikia peke yangu, kwamba siwezi kuandika ukaguzi ambao haujafanywa. Kumbe mzee alisikia. Halafu akatoa kikaratasi cha manjano, akaandika LISITEMBEE, akatia sahihi na tarehe, akakibandika ubavuni mwa tangi.

Behewa la Binamu lilizunguka mara arobaini. Nilihesabu.

Jumapili, 9 Machi
Binamu alikuja kunipa pole. Maskini! Nilimuuliza mzee aliandika nini kwenye la kwake. Hakuandika kitu. Katika treni nzima hakuna behewa lililotiwa sahihi na mkaguzi wa kweli isipokuwa langu, na langu halikuwamo kwenye treni. Mama ananiambia, "Dakika tano tu, mwanangu, na behewa lako lingezunguka." Dada anasema nina kichwa kigumu kuliko hiyo reli. Wote wananionea huruma, nami sijui niwaeleze vipi kwamba jana nilishinda.

Klabu itaendesha treni tena mwezi ujao, na nafasi ziko tatu. Nimeshaanza mabehewa matatu. Moja breki zake zimekatika. La pili limepakiwa kupita uzito wake. La tatu litakuwa na ufa kwenye gurudumu, na nimeazima kitabu kinachoonyesha hasa ufa ukae wapi.