Kampuni ya Viti Vitupu

Zablon Wangwe alikuwa ameketi nje ya kibanda kimoja karibu na stendi ya Migori, akinywa chai ambayo mwenye kibanda bado aliamini italipiwa, alipoanza kuhesabu viti. Daktari wa ng'ombe alipita na gari lake akielekea Homa Bay, yeye peke yake, viti vinne vitupu. Mwalimu mkuu akapita, vitatu. Mhubiri naye akapita, Biblia yake imelazwa kiti cha mbele kwa starehe zote. Na pale stendi watu walikuwa wamekalia mizigo yao tangu alfajiri. Viti vinaenda Homa Bay bure, watu wanabaki Migori bure, na katikati Zablon akaona nafasi ya mtu mmoja mwembamba mwenye koti la kijivu.

Tumpe haki yake: wazo lilikuwa zuri. Mtu mwingine angelilisha familia kwa wazo hilo. Bahati mbaya lilimjia Zablon.

Kufikia Jumatatu alikuwa amekodi kona katika duka la fundi cherehani na kuazima ubao kutoka shule ya chekechea, ambayo inausubiri hadi leo. Upande mmoja aliandika wenye magari, upande wa pili wanaotafuta viti, na katikati akachora mishale. Kila aliyetaka mshale alilipa kiingilio.

"Hii sio biashara, mama," aliwaambia wateja, mkono kifuani. "Hii ni ujirani, lakini ujirani iko na ratiba."

Kulikuwa na tatizo moja dogo, nalo ni sheria. Gari la mtu binafsi haliruhusiwi kubeba abiria wa kulipa, na barabara ilikuwa na vizuizi vya polisi. Zablon alilitatua kwa dakika tano. Kama abiria wamekatazwa, ndugu hawajakatazwa. Kabla ya kila safari aliwapanga watu kando ya gari na kuwagawia undugu.

"Wewe shemeji. Wewe binamu, toka Nairobi. Mzee, wewe ni baba mdogo, kohoa kidogo. Vizuri sana."

Gari lililoijengea kampuni sifa lilikuwa Pijo 504 nyeupe, ya safu tatu za viti, mali ya Sista Priscah. Huyu alikuwa mkunga mstaafu, mzaliwa wa Homa Bay, mjane, mwenye miwani minene na sauti ya chini. Pesa zote za kustaafu alizitia kwenye hiyo Pijo. Zablon alimshawishi kwamba kazi ya mwenye mali ni kukaa nyuma, na kazi ya meneja ni kuendesha.

"Sawa, kijana wangu," Sista alisema akimkabidhi ufunguo. "Lakini ujue, hii gari ndio uzee wangu. Ikipotea, mimi nakula nini?"

"Sista! Nitaichunga kuliko macho yangu."

Alisema hivyo bila kupepesa, maana macho yake yalikuwa tayari yanakadiria bei ya magurudumu.

Safari ya kwanza ilikaribia kuiua kampuni. Zablon alimkalisha Mniko, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka pande za Isebania, karibu na bibi mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Wakiwa wameshaondoka akawapa undugu wao kwa haraka. "Bibi, wewe ni mama mkwe wa huyu."

Mniko akafungua mlango gari likienda.

"Simamisha! Simamisha gari!"

"Ni ya uongo tu, mzee! Ni ya polisi!"

"Mdomo ikishasema, imesema! Mimi nikae hapa, goti kwa goti na mama mkwe? Unataka watoto wangu wazaliwe vipi?"

Wajaluo na Wakuria wanaweza kubishana mpaka jogoo awike, kuhusu mpira, kuhusu samaki, kuhusu siasa. Lakini kwa mama mkwe wamekubaliana siku zote: humkaribii, huli naye, na ukimwona njiani unaingia kichakani mpaka apite. Zablon mwenyewe alikuwa Mkuria, ila alikuwa amekaa mjini miaka mingi akadhani uongo hauna miiko. Mniko alimalizia safari juu ya trekta la miwa. Kiti cha nyuma, Sista Priscah alicheka mpaka akavua miwani kuifuta. Tangu siku hiyo, kila mama mzee ndani ya Pijo alikuwa shangazi.

Miezi mitatu kampuni ikanoga. Kila usiku Zablon aliahidi moyoni kwamba kesho ataacha ujanja na kuwa meneja wa kweli, na kila asubuhi aliamka akiwa Zablon. Ndipo dalali mmoja wa Sirare, ng'ambo ya mpaka, akatuma neno: anatafuta Pijo nyeupe, yenye afya, na yeye si mtu wa kuuliza maswali.

Jumamosi asubuhi Zablon aliliosha gari mpaka chini ya matairi. Akajaza tangi. Mfuko wa viingilio vya wanachama akausukuma chini ya kiti chake. Alikuwa anawasha injini mlango wa nyuma ulipofunguka, na Sista Priscah akaingia na kikapu.

"Nasikia unaenda Isebania kuchukua watu. Nataka ndizi."

Zablon aliusukuma mfuko ndani zaidi kwa kisigino. Halafu akatabasamu. Isebania iko pale pale mpakani: mama mzee sokoni na kikapu chake, gari ng'ambo ya mpaka. Hata haingekuwa vigumu. Karibu amwonee huruma.

Kilomita chache kabla ya Isebania palikuwa na kizuizi. Wanawake waliokuwa wakiuza ndizi kando ya barabara walikimbilia madirisha. Koplo Gisiri, askari mnene mwenye kifimbo, akainama.

"Gari ya nani hii?"

"Ya familia, afande."

"Na huyu mama?"

"Ni wa nyumbani." Zablon alilisema kama alivyolisema mara mia mbili.

"Wa nyumbani nani?"

Neno shangazi lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, lakini Sista Priscah aliwahi. "Mama mkwe wake, afande. Huyu ameoa Liz yangu."

Koplo Gisiri alirudi nyuma hatua mbili.

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Kehancha, afande."

"Mkuria! Mkuria mzima, unafungiwa kwa gari moja na mama mkwe, umempa mgongo, mnapumuliana?"

Wauza ndizi wakapiga yowe. Mmoja akajifunika uso kwa khanga, lakini aliacha jicho moja nje.

"Afande, si mama mkwe wangu kweli!"

"Ahaa. Basi ni abiria. Leseni ya kubeba abiria iko wapi?"

"Si abiria, afande."

"Ni nani?"

Sista Priscah akasogea mbele, akamnong'oneza sikioni. "Mwambie mimi ni mwenye gari. Halafu mwambie ulikuwa unaipeleka wapi. Mtu anazima injini kila mteremko miezi tatu, leo amejaza tangi? Tena umevaa suruali mbili, Zablon. Mimi nimezalisha wanawake miaka thelathini. Mtu akibeba kitu cha kuficha, namjua akiwa bado mlangoni."

Zablon aliangalia kifimbo cha koplo. Akisema abiria, mahakamani. Akisema mwenye gari, rumande. Akisema mama mkwe, kichakani.

"Nisamehe, maro," alisema, kwa neno la Wajaluo la kumwita mama mkwe, akatoka uso umegeuka pembeni.

Hapo hapo akakumbuka mfuko. Akanyoosha mkono kuelekea chini ya kiti.

"Anarudi!" wauza ndizi walipiga kelele. "Mungu wangu, anamrudia mama mkwe!"

Akaurudisha mkono mtupu.

"Usijali, mkwe," Sista alisema. "Huo mfuko nitarudishia wenyewe. Majina yao yote iko kwa ubao."

"Na nani ataendesha?" koplo aliuliza.

Sista Priscah alishuka, akaingia mbele, akavuta kiti na kurekebisha kioo. Miaka kumi na minane alikuwa ameendesha gari la kliniki katika matope ya Magunga, mama wajawazito wakijifungulia nyuma. Zablon hakuwahi kumuuliza. Sista akageuza Pijo kwa mzunguko mmoja na kuwapungia wauza ndizi, ambao sita kati yao walikuwa wanahitaji kufika soko la Migori, wakapanda wakiwa shangazi wote.

"Wewe tembea," Gisiri alimwambia Zablon. "Na hawa mama wengine wanaelekea huko huko kwa miguu. Nikisikia umesimama mbele ya mama mkwe wako hata siku moja, nitajua ulinidanganya, na tutaanza upya na ile ya leseni."

Zablon akatembea, suruali mbili kwenye jua la saa sita, mashahidi wanne nyuma yake na mikungu kichwani. Alikuwa amefika nusu ya njia aliposikia mngurumo anaoujua. Pijo ilikuwa imeshashusha mzigo Migori na inarudi tena, imebeba shemeji, binamu na baba wadogo.

"Mama mkwe wako huyo!" wanawake wanne walisema kwa pamoja.

Zablon akajitupa mtaroni na kuvuta koti la kijivu kufunika kichwa. Akasikia gari linapunguza mwendo, kisha linasimama kabisa, karibu naye kiasi cha kuhisi joto la injini.

"Mkwe!" sauti ya chini iliita kupitia dirishani. "Kiti kimoja iko!"